Maji ni Salama, Tumeondoa Chapisho Lako

Jumatatu, 4 Machi

Mwongozo mpya wa sisi wachuja machapisho ya mtandaoni umeshuka asubuhi. Hadi Ijumaa, aliyesema maji ya bomba ni salama tulikuwa tunamwondoa mtandaoni. Kuanzia leo, anayesema si salama ndiye tunayemwondoa. Jumamosi Waziri kafungua mtambo mpya wa kusafisha maji, kanywa glasi nzima mbele ya kamera, katabasamu. Basi. Maji yamepona.

Msimamizi wa zamu katusomea mabadiliko akiwa amesimama. Tunamwita Madam Sera. Mwenyewe hajui, au anajua na amenyamaza. Jirani yangu wa mezani kauliza: na machapisho ya zamani? Jibu: tunahukumu kwa mwongozo wa leo, si wa siku lilipoandikwa. Jirani ni mtu wa kushika neno kama lilivyo. Kabla ya chai alikuwa ameshafuta tangazo la Wizara yenyewe, la mwezi uliopita, linalowataka wananchi wachemshe maji. Mfumo ukaipa Wizara onyo la kwanza. Maonyo machache tu zaidi na Wizara ingefungiwa akaunti kwa kupotosha umma kuhusu Wizara!

Nilitoka kwenda kucheka chooni.

Jumanne, 5 Machi

Wizara imepiga simu. Onyo limefutwa. Tangazo halijarudi — wenyewe wameomba liachwe hukohuko lilikokwenda.

Mama kanitumia picha ya Waziri na glasi yake. Chini kaandika: "Umeona? Taarifa rasmi." Nikajisikia fahari, kusema kweli. Mama huyu! Alikuwa anaweka vitunguu ndani ya soksi zetu kwa sababu ya ujumbe uliotumwa na mtu asiyejulikana. Nilikaa naye miaka, jioni kwa jioni, nikimfundisha: Mama, usiamini kila kinachoruka. Angalia Wizara imesemaje. Ukiona uzushi, bonyeza hapa, ripoti. Leo ndiye mwanafunzi wangu bora. Kwenye kikundi cha ukoo wanamwogopa kuliko walivyomwogopa babu.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni yetu ya machapisho ya Kiswahili yaliyoripotiwa imejaa maji. Picha za glasi, siku nzima. Maji yana rangi ya chai ya mtu bahili. Ondoa. Ondoa. Mama mmoja anauliza kama kuna mwingine ambaye wanawe wanaharisha. Kuuliza si kosa, ila kamalizia kwa "haya maji jamani". Ondoa.

Kitu kimoja sikukipenda. Karibu wote wanaandika kutoka mitaa ile ya chini ya mtambo mpya. Ndiko anakokaa Mama, na mdogo wangu wa kike, na binti yake Bonge. Bonge ana miezi minane, mapaja kama mito ya kochi. Mdogo wangu anashinda dukani, mtoto anashinda na bibi yake, na maziwa ya kopo yanakorogwa kwa maji ya bomba.

Mchana wafanyakazi wameletewa mitungi ya maji ya kununua. Tangazo ukutani: tutumie haya, bomba la ofisi tuliache, "kwa ajili ya faraja yenu".

Nilijaza chupa yangu, nikarudi kuondoa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia Mama. Nikamwambia achemshe maji, hasa ya mtoto.

Kwa nini?

Nimeona watu wanaandika.

Watu gani?

Watu tu, Mama. Wa mtandaoni.

Kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mwanangu, umeanza lini kuamini watu wa mtandaoni?"

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwao. Nimebeba katoni ya maji ya chupa, nimechemsha sufuria kubwa kwa mkono wangu. Mama kanitazama kama ninachoma noti. Gesi hiyo! Nilipotoka kumchezesha Bonge uani, yale maji kayatumia kuogea. Kasema yalikuwa ya vuguvugu vizuri, asante baba. Maji ya chupa kayapanga kabatini nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya maua. Ya wageni.

Mimi nikatiliwa glasi ya bomba, maana mimi si mgeni. Kaishika mbele yangu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," kasema. "Mkuu ni nani? Si Wizara? Ni wewe uliyeniambia."

Nikanywa. Alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda kazini. Choo. Choo. Choo.

Nimempigia Mama kumpa ushahidi. Kasema ni vyakula vya barabarani.

Jumanne, 12 Machi

Nimerudi ofisini, suruali inanipwaya. Nimemfuata Madam Sera mezani kwake. Nikamwambia: machapisho yanatoka sehemu moja, dalili zilezile, nami mwenyewe nimekunywa nikaumwa. Watu wanasema kweli. Hakukasirika. Kasema kazi yetu si kujua kama maji ni machafu. Kazi yetu ni kujua Wizara imesemaje. Kisha, kwa sauti ya chini: yeye nyumbani kwake anachemsha. Kila mtu anachemsha. Nirudi kwenye foleni.

Mdogo wangu kanipigia mchana. Bonge ameanza kuharisha. Nimemwambia ampeleke zahanati na wachemshe maji. Kasema zahanati atampeleka akipata ruhusa dukani, ila maji ni ya kumwambia Mama, jiko ni la Mama. Mama naye kasema nini? Kasema ni meno.

Naogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuliandika. Mtoto wa miezi minane hana akiba mwilini, hata akiwa bonge.

Jioni nimefanya jambo. Kama mama yangu wa zamani, yule wa vitunguu na soksi, bado yumo ndani ya Mama, basi na azungumziwe kwa lugha yake. Nimefungua akaunti ya bandia yenye picha ya ua waridi. Kikundi cha ukoo hakina mlango, hata wauza viwanja huingia. Nikaandika: USIPUUZE UJUMBE HUU!!! DAKTARI BINGWA AMETOKWA NA MACHOZI!!! CHEMSHA MAJI YA BOMBA KABLA YA KUMPA MTOTO. WAO WANACHEMSHA, WEWE HAWATAKI UJUE. TUMA KWA WATU KUMI. BIBI MMOJA ALIPUUZA, MPAKA LEO ANALIA.

Nimefuta maelfu ya vitu kama hivi, ufundi wake naujua. Daktari ni wa uongo, machozi ni ya uongo, bibi ni wa uongo. Kuchemsha ndiko kwa kweli. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii!

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye teksi. Mwandiko mbaya. Gari halisogei.

Asubuhi Jirani kaanza kucheka peke yake. Kageuza kompyuta yake nione. Ua waridi. "Daktari bingwa ametokwa na machozi — hawa watu wana vipaji!" Kabonyeza Ondoa kabla sijafungua mdomo. Limeripotiwa mara moja tu, kasema, lakini mripotiji ni mmoja wa wale wa kuaminika, ripoti zake hazikosei, kwa hiyo mfumo umelileta mbele ya foleni. Akaunti ya ua imefungwa moja kwa moja.

Sikuuliza mripotiji ni nani.

Baada ya muda kidogo Mama kapiga mwenyewe. Sauti ya furaha. Kuna mpuuzi kaingia kikundini na uzushi wa maji, yeye kamripoti, na mtandao umemjibu kwa kumshukuru! Nikamwuliza Bonge vipi. Kasema amelegea kidogo, hachezi, usiku kaharisha sana, lakini nisiwe na wasiwasi. Kasoma kwenye ukurasa wa Wizara: mtoto anayeharisha apewe maji mengi. Basi anampa. Tangu alfajiri anampa, kijiko kwa kijiko, hachoki.

Maji gani, Mama?

Ya bomba. Masafi kabisa.

Nikamwambia: Mama, ni mimi. Ule ujumbe nimeuandika mimi. Acha kumpa hayo, fungua kabati, mpe ya chupa, mpeleke zahanati sasa hivi. Mama kacheka. Kasema mimi siwezi kuandika upuuzi ule, yeye ndiye aliyenilea. Kisha kaacha kucheka. Kasema hata kama ningekuwa mimi kweli, angeniripoti vilevile, kwa faida yangu. Akakata, ana watu wa kuwapigia.

Nilisimama. Madam Sera kauliza naenda wapi na foleni imejaa. Nikasema naenda kuchemsha maji. Kasogeza kiti nipite.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mdogo wangu hapokei, dukani wanawanyang'anya simu wakati wa kazi. Nimempigia Mama. Simu inatumika. Nimempigia tena. Inatumika. Dereva kauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, nikaona aibu jinsi nilivyolisema haraka.

Binamu kanitumia ujumbe: Mama yako kanipigia sasa hivi, kaniambia nisichemshe, ni kweli? Shangazi naye: Mama yako kasema tuache kuchemsha. Mjomba naye. Anaupitia ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, na kati ya simu na simu, bila shaka, kijiko kingine kwa Bonge.

Inatumika.

Nampigia tena. Inatumika.