Mpira Niliopaka Mawese

Kassiani, nimekwisha. Kioo cha kanisa hapa Misunkumilo kimevunjika!

Kile kishikio cha kunyonya kioo, tunachonyanyulia vioo, kilikuwa kinaachia, nikaona mpira wake umekauka. Nikaupaka mawese. Mawese, Kassiani!

Nikapampu, mstari mwekundu wa pampu ukapotea, nikajua kimeshika. Tukanyanyua. Kioo kikateleza taratibu mpaka chini, mimi nimebaki na kishikio mkononi.

Katekista Thadei akaniambia: "Fundi, askofu anakuja kesho."

Kesho!

Na mimi ndiye niliyekucheka ukiosha mpira wa kishikio chako kwa sabuni, nikakuambia unaogesha mtoto.

Kimebaki kioo kimoja tu. Panda bodaboda sasa hivi, ndugu yangu. Mlete huyo mtoto wako, akiwa ameoga.