Mche wa Karibu na Mlango

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Kimuli tu wazima, na tangu babu yako aondolewe uvimbe wa utumbo, anamaliza sahani ya ndizi.

Kumbe ninyi wa maabara ya hospitali mnaweza kusoma vinasaba vya uvimbe ule mkajua kama saratani ina hatari ya kurudi! Umenishangaza, mama. Lakini babu yako aliliogopa jibu.

Nikamsimulia jinsi baba yangu alivyokuwa akichonga shina la kila mche wa mgomba kabla ya kupanda. Mmoja, mzuri kwa nje, ulikuwa na vijia vyeusi vya wadudu. Nilidhani atautupa. Akauchonga hadi ukawa mweupe, akaupanda karibu na mlango, autazame kila asubuhi.

Babu yako amesema mpime. Mkikuta vijia vyeusi, apandwe karibu na mlango wako, umtazame kila asubuhi.

Bibi yako