Taban, usiwashe gari

Taban mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mihogo nimeifunika. Usiwashe gari kabla hujamaliza kusoma hapa.

Asubuhi nilichukua ile oili chafu uliyomwaga kutoka difu ya gari lako la mbio, zile gia za nyuma, nipake nguzo za banda la kuku, mchwa wanazimaliza. Chini kabisa kwenye karai nikapata hiki kichuma nilichokiweka juu ya karatasi. Ni jino la gia, Taban. Nilikuletea kitandani ukacheka: "Mama, difu ni ya mtumba, hiyo takataka ya zamani. Meno nimekagua yote, nimeshafunga. Wewe kagua maharage."

Maharage nimechambua, yako jikoni.

Lakini kama ni ya zamani, mbona pale lilipokatika panang'aa? Ifungue tena, bambi, nakuomba, upitishe kidole jino kwa jino. Ikikwama kwenye mteremko wa Makindye ukienda mbio, nitakuokota wapi?

~~Ufunguo nimeuficha.~~ Ufunguo uko juu ya friji. Nikiuficha utaunganisha waya tu, nakujua.

Dada yako Zuleika humpeleki Kyambogo kwa gari hilo. Nampeleka mimi kwa boda. Yeye nikimwambia usipande, hapandi. Wewe umenishinda.

Mama yako