Dawa ya Mama Mkwe

Jamani wewe, darasa la kilimo hai sirudi tena. Sirudi!

Mwalimu kawasimamisha wote mbele ya tuta langu. Eti, "Tazameni nyanya za mboji na jivu tu!" Mimi hapo bichwa hilo.

Mama mkwe, ambaye nilimleta mwenyewe aje kuniona nikisifiwa, akadakia: "Jivu gani? Mimi huja alfajiri kuzipiga dawa ya dukani. Mwanangu huyu angevuna majani!"

Dawa! Mbele ya darasa zima! Tena anatabasamu, anaona kanisaidia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wanafunzi wenzangu wakamzunguka kumwuliza dawa inaitwaje. Na mwalimu je? Mwalimu! Kanivuta pembeni, kaninong'oneza: "Mwambie mama apitie na tuta langu."