Vifungo Vyeupe Mara Nane

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili alasiri, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata ya salamu, acha nitoe kitu ambacho sijamwambia mama. Vile viatu vyangu vya shule, ambavyo mama alivipiga picha akakutumia kwa majivuno, si zawadi ya hisabati. Vimetokana na kubeti. Na mkeka wenyewe niliupanga mimi.

Haya, sasa shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Goti limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi wazima. Mama ana sare za shule za kushona mpaka juu ya kitanda, na anasema wifi yake ajue hajamsahau, ni mikono tu haina nafasi.

Huenda mkeka huujui, Shangazi. Unafunga mechi kadhaa kwenye tiketi moja. Zikitiki zote, yaani ukizipatia, unalipwa fungu nono. Ikianguka moja tu, mkeka umechanika, hata kama nyingine zote umezipatia.

Siku moja kaka alikuwa na haraka, akaniwekea orodha ya mechi sita. "We si kichwa cha hesabu? Nichagulie." Mpira siujui, na kukataa kunanishinda. Nikatazama rafu ya mama, nikachagua timu zenye jezi za rangi za nyuzi zilizokaribia kuisha. Niliona rangi inayopendwa na wateja ndiyo yenye bahati. Usinicheke. Zote sita zikatiki! Kwa kinyozi, wanakokutana wacheza mikeka, wakaanza kumwita kaka Profesa. Yeye akaninunulia viatu, mimi nikamdanganya mama, mama akawatangazia wateja wote.

Ndipo ikafika ile ada uliyomtumia kaka ya chuo cha umeme. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu. Ijumaa akaja na karatasi ya mechi nane. "Mdogo wangu, hii ndiyo ya mwisho. Naiweka ada yote. Ikitiki nalipa miaka yote miwili ya chuo na chenji inabaki, na Shangazi anapumzika." Hakuwa na ubaya. Alitaka kukupunguzia mzigo.

Safari hii nilishika kalamu. Tuseme kila timu ina nafasi sita katika kumi. Ukifunga mbili pamoja, nafasi inashuka chini ya nne. Ukifika nane, katika mikeka elfu moja inayotoka mizima ni kama kumi na saba. Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Jumamosi mchana nikabeba kopo la vifungo la mama, nikaenda kwa kinyozi. Palijaa.

"Profesa, mdogo wako kakuletea chai!" mmoja akapiga kelele.

"Nina jambo," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kinyozi akazima mashine yake, na ule ukimya ukanitisha kuliko kelele. Hesabu hizi shuleni tunazisoma kwa lugha nyingine, na pale maneno yote yalinikimbia. Nikaazima kofia ya fundi viatu aliyekaa mlangoni, nikatia vifungo sita vyeupe na vinne vyeusi.

"Vuta bila kuangalia. Rudisha, tikisa, vuta tena. Vyeupe mara nane mfululizo, mkeka umetiki. Cheusi kimoja, umechanika."

"Mchezo wa watoto huu," kinyozi akasema. Akavuta. Cheusi.

"Mechi ya kwanza tu, bwana!"

"Kofia imehongwa hii!"

Walivuta watu kumi na mmoja. Fundi viatu, asiyejua hata timu ina wachezaji wangapi, alifika mara tano, wakamshangilia kama kafunga goli. Hakuna aliyemzidi.

"Lakini malipo ni makubwa," kaka akasema. "Mara arobaini ya unachoweka."

"Kwa ugumu huu ilipaswa iwe karibu mara sitini," nikamjibu. "Kila mechi unayoongeza, kampuni inamega kidogo. Ukifunga nane, wamekumegea mara nane."

"Na ule mkeka wa mechi sita ulitikije?" kaka akauliza.

Nikawaambia niliupanga mimi, kwa rangi za nyuzi. Walicheka mpaka mteja mwenye povu shavuni akashika kiti. Halafu wote wakamgeukia kaka. Shangazi, pale niliona nimemvua nguo hadharani. Akaichukua kofia mwenyewe. Cheupe. Cheupe. Cheusi. Akairudisha taratibu kwa mwenyewe.

"Profesa amestaafu," akasema.

"Kumbe profesa ndiye huyu," kinyozi akadakia, "na sisi tunadhani kaleta chai!"

Njiani kaka alitembea mbele yangu. Kesho yake ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: ule mkeka ambao hakuuweka, mechi sita za kwanza zilitiki. Nikaisogeza sahani pembeni. Ya saba ikatoka sare. Kaka akanitazama, akanisukumia sahani yangu: "Kula basi." Lakini hata zingeshinda zote, hesabu ya vifungo isingebadilika, na nilimwambia hivyo.

Jumatatu alilipa ada. Risiti iko ndani ya bahasha hii. Sitakudanganya, Jumamosi bado anatupia mechi moja kwa hela ya soda. Ila wiki iliyopita aliifunga upya taa ya juu ya cherehani, mama akaiwasha na kuizima mara nne bila sababu. Mimi ninayejificha wageni wakija, niliongea mbele ya wanaume kumi na mmoja, na kaka yangu akakubali kuchekwa mbele yao. Sijui ninajivunia lipi zaidi.

Nisalimie mjomba, na mapacha waambie madaftari yao nimeyafunika kwa vitambaa. Mungu akulinde na akuponye hilo goti.

Limebaki la viatu, ambalo mama bado halijui. Leo nimeificha karatasi hii mara mbili chini ya sare. Sasa nasikia ndala za mama zinakuja mlangoni. Safari hii naiacha mezani, maandishi juu, na kalamu naiweka pembeni ili aisome.

Mwanao akupendaye sana,
Profesa mwenyewe.