Mkono wa Mama Kwenye Pipa la Perege

Mama,

Shikamoo. Naanza kwa salamu kwa sababu mwaka jana nilikaa siku tisa bila kukusalimia, tukiwa tunalala chumba kimoja, mpaka ukaamua kunisalimia wewe kwanza kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa.

Umelala makaburini tangu Julai, baridi ikiwa imekaza. Hukuacha kitu cha kugombania. Jembe, khanga mbili, debe la maharage ya mbegu. Kilichobaki ni jina lako, Perpetua, na hilo nililichafua mimi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nataka nikueleze nilivyojaribu kulisafisha na yaliyonikuta.

Unakumbuka nilivyorudi kwako. Ndoa ilinishinda, halafu shirika likauzwa na sisi wa ghalani tukapunguzwa kazi. Ukanipokea mlangoni: "Karibu, mzigo umerudi kwa mwenyewe." Ulikuwa na ulimi mkali, Mama, na kufa hakujakugeuza malaika. Nikapata kibarua cha kufua nguo misheni, kule Kaengesa, na huko nikamkuta Bruda mmoja mzee wa Kizungu anafuga perege kwenye pipa. Juu ya pipa ameweka kitanda cha kokoto kilichooteshwa mboga, udongo hakuna hata kiganja. Maji ya samaki yanapandishwa kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu wake, maji yanarudi chini yakiwa safi. Nilikodoa macho mpaka nikasahau nguo kwenye karai. Biashara zilikuwa zimeachiwa huria, mapipa ya plastiki yanakuja na malori kutoka Tunduma, na pale Mazwi kila mtu kaanzisha chake, huyu kioski, yule mashine ya kusaga. Nikasema changu kitakuwa samaki.

Pipa moja nikalisimamisha uani. Jingine fundi akalipasua katikati, nikaliweka juu ya mabanzi, nikalijaza kokoto. Sikuwa na pampu. Nilipandisha maji kwa ndoo asubuhi na jioni, yakawa yanachuruzika yenyewe kurudi kwa samaki. Bruda alinipa vifaranga ishirini. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Samaki wa jela! Wamefanya kosa gani?" Lakini niliporudi kutoka kisimani nilikukuta umesimama pale, unawadondoshea makombo ya ugali na kuwagombeza kwa Kifipa kama wajukuu.

Sasa sikiliza kosa langu. Bruda alisema kokoto tupu, zioshwe ziwe safi. Nilimwitikia ndiyo, na moyoni nikamwona mzungu tu. Mimi nimekulia kwenye ntumba. Tangu nikiwa mdogo ulinifundisha kukata nyasi, kuzifukia chini ya udongo uliopinduliwa, kutengeneza tuta la duara, kuacha zioze, ndipo tupande. Kwangu mimi mmea usiokuwa na kitu kinachooza chini yake ni mmea wenye njaa. Basi nilifukua kokoto zote, nikashindilia nyasi mbichi na samadi niliyoomba kwa wale Wasukuma wenye ng'ombe, nikafunika vizuri. Ulinikuta nikifanya hivyo. Ukasema, "Skola, hicho ni chakula cha udongo. Hapo kuna udongo gani?" Nikakujibu kwamba hujasoma.

Mboga zilistawi wiki mbili, nikatamba. Kisha samaki wakaanza kuja juu wakipanua midomo. Nikadhani ni njaa, nikawaongezea pumba. Jumamosi asubuhi nikawakuta wote wameelea matumbo juu, na wewe umesimama kando ya pipa na bakuli lako la makombo mkononi.

Nimeandika sentensi inayofuata na kuifuta mara tatu. Nilipiga kelele, na Mama Fausta, jirani yetu, alikuwa upande wa pili wa ua anaanika dagaa. Nilisema: "Wanao wanne umewamaliza, sasa umefika kwenye samaki wangu! Una mkono gani wewe?"

Wanne wale walikufa kwa surua na homa. Uliwabeba mwenyewe mgongoni kuwapeleka zahanati, nami nilikuwa nakufuata nyuma na chupa ya uji. Hakuna aliyejua hayo kuliko mimi. Uliweka bakuli chini, ukaingia jikoni ukaendelea kuchambua maharage.

Haikufika Jumapili, maneno yale yakawa yameshaenea mtaani. Kanisani benchi lako lilikuwa na nafasi kubwa kushoto na kulia. Jumuiya ikaacha kusali kwetu, ikawa kila zamu yetu ikifika kuna udhuru. Wanawake waliokuwa wanakuja kubadilishana nawe mbegu za maharage wakawa wana mbegu zao. Mama Fausta akawa anawaita watoto wake ndani ukipita.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Bruda samaki mmoja aliyekufa, nimemfunga kwenye jani la mgomba. Akaniuliza kwenye kokoto niliweka nini. Nikamwambia. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba vitu vikioza majini vinamaliza hewa, na samaki hukosa pumzi akiwa humohumo majini. "Umewaua wewe, binti," alisema, taratibu kabisa, akanipa vifaranga wengine.

Kwa hiyo nilijua, Mama. Nilijua miezi saba kamili kabla hujafa, na sikusema. Watu walikuwa wananipa pole njiani, "Dada Skola, jikaze, unaishi na mtihani." Kama ningesema ukweli, ningekuwa mjinga aliyebishana na mzungu na mama yake, akaua samaki kwa nyasi. Nikaona afadhali niwe mtoto wa mchawi kuliko kuwa mjinga. Nilichagua hivyo kila asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu.

Nawe hukusogelea tena lile pipa. Ulikuwa unasimama mlango wa jikoni, unauliza kwa mbali, "Vipi hao wapya, wanakula?" Siku moja, kikohozi kikiwa kimeshakubana, uliniuliza, "Hata wewe unaamini?" Ulikuwa umeshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Mimi sijui, Mama."

Ulikufa baada ya hapo. Waliokuja kukuosha walikuwa wawili, na mmoja ni mimi.

Sasa habari za hapa. Nyasi zote nilizitoa siku ile ile niliyotoka kwa Bruda, nikaosha kokoto moja moja. Samaki wale wapya sasa wananawiri, Mama. Wanene, weusi mgongoni. Figiri na chainizi zimejaa hadi zinamwagika pembeni, watu wanatoka mpaka sokoni kuja kuangalia. Na unajua wanasema nini? Wanasema, "Umeona? Tangu bibi aondoke." Kila perege anayekua anakushuhudia vibaya.

Mwezi wa tisa nilisimama kwenye jumuiya nikasema yote. Nyasi, samadi, Bruda, kunyamaza kwangu. Walinisikiliza kwa huruma. Mama Fausta akanishika bega: "Usiogope tena, mwenzangu. Ameshakwenda." Walidhani nakutetea kwa woga. Wakaniombea.

Nikaona maneno hayatoshi, niwaonyeshe. Nikatafuta pipa jingine, nikaweka perege sita wazima, juu yake kitanda cha kokoto, na chini ya kokoto nyasi na samadi kama mara ya kwanza. Nikawaita Mama Fausta na mke wa Deo, yule wifi yangu uliyekuwa ukimwita kijiti. Nikawaambia waangalie kila siku, mkono wa mtu usiguse. Walikuja kweli. Siku ya tano samaki wakawa juu wanahema. Siku ya saba wamekufa wote sita. Nikasema, haya, mmeona? Mama Fausta alitazama pipa, akajifunga khanga vizuri, akarudi nyuma hatua mbili. "Mh. Kumbe hata huko aliko hajaacha."

Nilicheka, Mama. Nilicheka kwa sauti kama ulivyocheka wewe. Wifi akaondoka ameshika tumbo, maana alikuwa mjamzito, na sikumwona hadi alipojifungua.

Amejifungua Jumanne. Mtoto wa kike. Unajua desturi yetu kuliko mimi, binti wa kwanza wa Deo ni wako. Nilikwenda na doti ya khanga, nikatamka jina lako mle ndani kabla ya yeyote. Perpetua. Wifi akamvuta mtoto kifuani. Deo, mwanao wa kiume wa pekee aliyebaki, uliyemnyonyesha mpaka akaota meno yote kwa hofu ya kumpoteza, aliangalia sakafu. Akasema wameshakubaliana. Wanataka mtoto achukue jina la mtu mwenye mkono wa baraka, kila anachokigusa kinaota. Wamemwita Skolastika.

Nilikataa. Nikasema tena yote, mbele ya wote, nikilia. Wakaona ni unyenyekevu, wakapiga vigelegele, wakaniwekea mtoto mapajani. Ana vidole vyako, virefu, kidole gumba kimepinda kama chako.

Sikuombi unisamehe, maana ulipokuwa unaweza kunisamehe nilikunyima sababu. Nakuahidi kitu kimoja. Huyu mtoto atayasikia yote kutoka kwangu, siku atakapokuwa na akili ya kunichukia. Nitamwambia wewe ulikuwa nani na mimi ni nani, wala sitapunguza neno. Kisha atatoka nje, na watu watamwita kwa jina langu, ataitika.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Skola