Jina kwenye Mpini wa Brashi

Msambweni, Machi 1964

Mwanangu Alfani,

Sisi hatujambo. Brashi ya kunyolea ndevu uliyomchongea baba yako imefika. Nimewaonyesha watu mpaka Mwabungo, nikawaambia hata wazungu wa Diani hununua kwa mwanangu.

Lakini kwenye kila mpini ulikuwa ukichora ua la mikeka yangu, nililokufundisha mimi. Huu umeandikwa Biasha. Baba yako ananyoa kwa jina la mkeo, na anacheka.

Nimelisugua kwa jani la msasa, halitoki. Umelichimba sana, baba. Ua langu ulilikwaruza juu juu tu.

Msalimu Biasha. Mwambie namsukia mkeka. Katikati nitatia ua langu kwa ukindu mwekundu, mlilalie nyote wawili.

Mamako akupendaye,
Mwanarusi